Tamasha la kujenga vitofali Arusha au siku tatu za kujenga uani Moshi: watoto uwapeleke wapi?

Wifi yangu wa Sakina, Arusha, kanipigia juzi usiku, anasema wifi lile tamasha la watoto la kujenga vitofali linarudi tena, nikate tiketi ngapi, au mwaka huu mnabaki huko huko Moshi na maboksi yenu? Nikamwambia nipe siku mbili ntakujibu. Maana angeniuliza mwaka juzi ningesema kata zote haraka, angeniuliza mwaka jana kabla ya likizo ningesema sitaki hata kusikia, na sasa hivi jibu langu ni refu kidogo. Nimeona niliandike lote kwa sababu najua likizo ya mwezi wa 6 ikikaribia wazazi wengi wa huku kwetu tunabaki na swali hilo hilo, hela ni ile ile moja, uipeleke kwenye nauli na kiingilio au ununue vitu mkajenge nyumbani.

Mi nimefanya vyote. Tamasha nimeenda mara mbili, na katikati ya hizo mara mbili tulikaa uani kwetu Pasua siku tatu mfululizo tunajenga na watoto wa majirani. Nina watoto watatu, mkubwa wa kike sasa ana miaka 11, wa kati wa kiume 8, kitinda mimba wa kike 4, kwa hiyo ninachosema nimekiona kwa umri tofauti sio kwa mtoto mmoja.

Kwa ambaye hajawahi kufika, tamasha lenyewe liko hivi. Ukumbi mkubwa, katikati kumemwagwa rundo la vitofali vya lego, vile vya plastiki vinavyoshikana, kwenye kama bwawa la turubai, watoto wanavua viatu wanaingia na soksi wanajenga wanachotaka. Pembeni kuna meza za kushindana mnara mrefu, kuna mteremko wa mbao wa kushindanisha magari, kuna picha kubwa ya ukutani ambayo kila mtoto anapewa kibao chake apange rangi halafu vinaunganishwa pamoja inatokea picha moja. Upande wa mbele kuna maonyesho, yaani wajenzi watu wazima kabisa wameleta miji, treni na meli walizokaa nazo miezi wanazijenga, wamezungushia kamba. Na ukitaka kutoka lazima upite dukani. Hilo duka ntalirudia.

Mara ya kwanza tulitoka Moshi saa 1 asubuhi na kosta. Moshi Arusha ni kilomita 80 hivi, ila ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi Tengeru ni siku ya soko, tukakaa pale barabarani na mimi kitinda mimba mgongoni (alikuwa na miaka 2 wakati huo) mpaka nikajuta kutotoka mapema. Tumefika stendi, tukachukua bajaji, tukakuta foleni imetoka nje ya geti. Kuingia ndani saa 4 na nusu.

Kwa kweli watoto walifurahi, nisiseme uongo. Mkubwa aliposimama mbele ya ule mji wenye treni inayozunguka alinyamaza kabisa, na huyu mtoto hanyamazi. Lakini mimi nina kawaida ya kuangalia saa, na siku ile niliangalia kitu kimoja tu, mtoto ameshika kitofali mkononi kwa muda gani? Tulikaa ndani kama masaa manne. Wa kati, aliyekuwa na miaka 6, alijenga kama dakika 40. Mkubwa hakufika hata nusu saa. Muda mwingine wote ulienda kwenye foleni ya mteremko wa magari, foleni ya choo, foleni ya chipsi, na kuzunguka zunguka kwa sababu kila anapokaa anaona kule kuna kingine kizuri zaidi anaondoka. Na mdogo ndo kabisa. Kulikuwa na kona ya watoto wadogo yenye vitofali vikubwa, nzuri tu, ila watoto wakubwa walikuwa wanapita na vile vidogo mikononi wanavidondosha pale, na mtoto wa miaka 2 kila anachookota kinaenda mdomoni. Mimi tamasha lile sikuliona, nilikuwa nachokonoa vitofali kwenye kinywa cha mtoto masaa manne. Vile vidogo sio vya mtoto aliye chini ya miaka 3, hata boksi lake linaandikwa hivyo, na sababu ni hiyo hiyo ya kukaba koo.

Sasa wa kati. Zile dakika 40 alizikalia kweli. Alijenga nyumba ya ghorofa yenye ngazi ya nje, aliniita mara tatu nije nione. Muda wa kufunga ulipofika akaja kijana mmoja muhudumu, kwa upole kabisa, akasema vitofali vyote vinarudi kwenye bwawa, akaishika ile nyumba akaivunja mbele ya mtoto, sekunde mbili. Yule kijana hakuwa na ubaya, vitofali ni vya tamasha na kesho yake watoto wengine wanakuja, naelewa. Lakini hakuna aliyetuambia mlangoni kwamba ukijenga hubebi, ningejua ningemuandaa, ningempiga picha na nyumba yake. Alilia kutoka Njiro mpaka Usa River. Jumla siku hiyo ilinitoka sh 96,000, nauli, kiingilio, chakula, na kiboksi kimoja kidogo cha dukani ambacho mtoto wa kike alikijenga kwenye kosta akakimaliza kabla ya Boma Ng'ombe.

Ndo mwaka jana mwezi wa 6 nikasema hapana, tunajenga nyumbani.

Nyumbani tulianza na kukusanya vitu wiki nzima. Fundi seremala wa mtaani alinipa mabaki ya mbao mfuko mzima, dukani nikaomba maboksi, tukapata vizibo vya soda, ndala zilizokatika kwa ajili ya matairi, waya, na soko la mitumba la Memorial nikapata fungu la vitofali vya mtumba vimechanganyika na midoli iliyovunjika. Nikatandika turubai chini ya mwembe. Nilidhani watakuwa wangu watatu. Siku ya kwanza walifika saba, siku ya tatu walikuwa kumi na mbili, wengine hata majina ya mama zao sijui, walikuja tu.

Nikarudia kuangalia saa. Siku ya kwanza pekee, kutoka saa 3 mpaka saa 8 wakati wa kula, mikono haikupumzika. Siku moja ya uani ilizidi matamasha mawili.

Kuna mzee jirani yetu ni fundi wa kujenga nyumba, siku hizi magoti yanamsumbua hapandi tena juu, anakaa barazani kwake anatuangalia. Mkubwa wangu alikuwa anajenga ukuta mrefu na vipande vya mbao, kila ukifika kimo cha kiuno chake unaanguka. Mara ya nne yule mzee akaamka akaja taratibu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hizo tofali umezipanga kama vitabu juu ya meza, kiungo juu ya kiungo. Pishanisha. Tofali la juu likalie viungo vya chini."

Maneno hayo tu na akarudi kukaa. Ukuta ukasimama. Baadaye mtoto akaja kuniambia mama, kumbe hata lego ni hivyo hivyo, ukipandisha kitofali juu ya kitofali mfululizo unapata nguzo nyingi zimesimama karibu karibu, ukipishanisha ndo unapata ukuta. Hilo somo kwenye tamasha hakulipata, maana kule hakuna aliyemuacha aanguke mara nne.

Wa kati yeye alikuwa na gari lake la waya, lile la fimbo ndefu ya usukani, na siku ya pili akataka kulitengeneza hilo hilo kwa vitofali. Likawa zuri lina matairi manne lina kebini, ila linaenda mbele tu. Gari la waya ukizungusha usukani linakata kona, la vitofali halikati. Akahangaika nalo siku nzima. Akaniuliza mimi, sijui. Akamuuliza baba yake, akasema labda utoboe, mtoto akakataa kutoboa vitofali. Hakuna mtu kwenye kile kiwanja aliyejua. Naye mkubwa alikuwa anajenga daraja, kaliita daraja la Karanga kwa sababu tunalipita tukienda Arusha, na likizidi urefu wa mkono linajipinda katikati linakatika. Pishanisha, kapishanisha, bado linakatika.

Hapa ndo nilipoona mwisho wa kujenga nyumbani. Watoto wanajenga wanachokijua, na wazazi tunawafundisha tunachokijua, tukifika ukingoni wote tunasimama. Tena nisifiche mengine, siku ya pili mchana waligombana wakamwagiana mchanga, na mimi zile siku tatu cherehani yangu ilikaa imefunikwa, wateja wawili walinisubiri. Anayesema kujenga nyumbani ni bure hajahesabu muda wa mama. Lazima mtu mzima akae pale, sio kuchungulia kutoka jikoni.

Mwezi mmoja baadaye wifi akanibembeleza, tukaenda tamasha mara ya pili. Mdogo nikamuacha kwa bibi yake Kiborloni. Nikaondoka na wakubwa wawili tu, tena Jumapili ili Tengeru isitukamate. Na kwenye mfuko wa rambo wa kati alibeba lile gari lisilokata kona.

Hakwenda kwenye bwawa. Alienda moja kwa moja kwenye ile kamba ya maonyesho, akasimama mbele ya mama mmoja mjenzi aliyekuwa na meza ya malori, akatoa gari lake akamuonyesha bila hata salamu mpaka nikamkumbusha. Yule mama akainua kamba akamuingiza ndani. Akamuonyesha kwamba ekseli ya mbele isikae kwenye chesisi moja kwa moja, uiweke kwenye kibao chake peke yake kinachoshikwa na pini moja katikati, hapo kinazunguka, halafu uache nafasi tairi lisigonge bodi. Ni kile kile alichokijua kwenye waya, kasoro ile pini. Dakika 20 walikaa hapo. Mkubwa naye akaambiwa kuhusu daraja, kwamba vitofali vinene peke yake vinaachia chini daraja likilemewa, abane juu na chini kwa vile vibapa virefu vyembamba ili katikati kusifunguke. Na mashindano ya minara hawakuyagusa kabisa, mteremko wa magari walipita mara moja basi.

Tamasha ni lile lile, ukumbi ule ule, foleni ile ile. Mara ya kwanza watoto walienda mikono mitupu, mara ya pili walienda na swali. Mi sasa hivi ndo kipimo changu cha kwanza, kabla hata ya hela.

Haya sasa tuviweke ubavu kwa ubavu.

Umri. Chini ya miaka 4 nyumbani, sina mjadala hapo. Kama unataka kumnunulia kitu mdogo tafuta Duplo, ilitoka mwaka 1969 kwa ajili ya watoto wadogo, kila kitofali ni mara mbili ya lego kwa urefu, upana na kimo, hakimezeki, na uzuri wake haitupwi akikua kwa sababu lego ndogo zinapanda juu yake. Miaka 4 mpaka 6 tamasha wataenda watafurahi ila watakachokumbuka ni chipsi na mteremko wa magari, kwa hela hiyo mi ningenunua vitofali. Kuanzia 7 tamasha linaanza kulipa, na mtoto wa 10, 11 ambaye kweli anapenda kujenga hilo tamasha usimnyime, kwa sababu akiona mtu mzima mwenye ndevu zake kakaa miezi mitatu anajenga treni anajua kwamba kupenda kwake sio utoto.

Kelele. Kuna watoto hawawezi kabisa ukumbi wenye watu wengi. Mtoto wa dada yangu ni hivyo, anaziba masikio anajikunja. Huyo usimlazimishe, uani na wenzake watatu anajenga mpaka giza. Au kama lazima, nenda saa ya kwanza milango ikifunguliwa uondoke saa ya pili yake.

Wenzake. Hapa uani unashinda mbali, na kwangu ndo jambo zito kuliko yote. Kwenye tamasha anaingia mwenye tiketi. Uani kwetu kulikuwa na mtoto mmoja wa miaka 9, mama yake anauza ndizi Mbuyuni, hajawahi kushika lego maisha yake, na ndiye aliyetengeneza trekta la mabua ya mahindi lenye jembe la nyuma linaloshuka na kupanda. Ganda la bua alilitumia kama misumari, nyama ya ndani kama mbao. Watoto wangu waliacha lego wakaenda kujifunza mabua. Yule mtoto ningempeleka tamasha ningependa awe upande wa ndani wa kamba.

Kinachobaki. Tamasha linabaki kwenye simu, picha. Cha nyumbani kinabaki chini ya kitanda. Ngome ya maboksi ilikaa sebuleni kwetu wiki mbili na nusu nikiifagilia pembeni, na kila jioni iliongezwa kitu. Mtoto akijua kesho atakikuta anajenga tofauti kabisa, anajenga polepole.

Hela. Siku tatu za uani zilinila sh 41,000, kubwa ikiwa vitofali vya mtumba na uji na maandazi ya watoto kumi na mbili. Tamasha mara ya pili, watu watatu, bila kununua chochote dukani, sh 63,000. Tofauti sio kubwa kama watu wanavyodhani. Ila cha uani kinatumika tena mwaka huu na mwakani.

Na lile duka. Viboksi vyake vinakuja na karatasi ya maelekezo ya kitu kimoja, mtoto anakijenga anakiweka kabatini basi. Sisemi ni vibaya, ila kama hela ni ya kiboksi kimoja nenda Memorial au Kiborloni ukatafute fungu la mtumba. Vitofali vya lego viliombewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, tarehe 28 Januari 1958 kwa muundo huu tunaoujua, vichuchu (vile vinundu) juu na mirija ndani, na mpaka leo muundo haujabadilika, kitofali cha mwaka 1958 kinashikana na cha mwaka huu. Kwa hiyo mtumba wa miaka yoyote ile, kutoka nchi yoyote ile, unaingiliana na ulicho nacho nyumbani. Ukitaka kujua ni yenyewe angalia juu ya kila kichuchu kimeandikwa LEGO kwa herufi ndogo. Zipo za kampuni nyingine zinaingiliana pia, baadhi zinalegea, bonyeza viwili uone kama vinashika kabla hujalipa. Ukifika nyumbani osha kwa mkono, maji ya uvuguvugu yasizidi nyuzi 40 na sabuni kidogo, usichemshe maana plastiki inapinda na haishiki tena, halafu anika kivulini.

Wala usiogope kwamba fungu ni dogo. Vitofali 6 tu vya vichuchu nane, rangi moja, vinaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Zamani kampuni yenyewe ilikuwa inasema milioni 102 na kitu, kumbe walihesabu ile minara ya ghorofa sita tu, baadaye mtaalamu wa hesabu wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Søren Eilers, akahesabu zote kwa kompyuta ndo ikatoka hiyo namba. Nilimsomea binti yangu aliponiambia mama vitofali vyetu vichache. Akachukua sita akaanza kuhesabu, alifika 31 akalala.

Na kama hata mtumba hukupata, mbao. Huyo Ole Kirk Kristiansen aliyeanzisha LEGO alikuwa fundi seremala kwenye kijiji cha Billund huko Denmark, alianza mwaka 1932 na midoli ya mbao, plastiki ilikuja baadaye sana. Jina lenyewe kalitoa kwenye maneno mawili ya Kidenishi, leg godt, yaani cheza vizuri. Na mchezo wa Jenga ule wa kuchomoa vipande, huo ni wa kwetu kwa jina. Leslie Scott aliyeuleta sokoni ni Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika mwaka 1955 akakua anaongea Kiswahili, familia yake walianza kuucheza Ghana kwa vipande vya mbao kutoka kiwanda cha kupasua mbao cha Takoradi, na alipoupeleka kwenye maonyesho ya midoli London mwaka 1983 akauita tu Jenga. Dunia nzima wanaita hivyo na wengi hawajui maana yake. Fundi wa mtaani anakukatia, vipande 54, kila kimoja sentimita 7.5 kwa 2.5 kwa 1.5, muhimu ni vipande vitatu vikilala pamoja upana wake uwe sawa na urefu wa kimoja, unapata ghorofa 18. Mwambie apige msasa mzuri na mbao iwe kavu kweli, wa kwetu wa kwanza ulikuwa wa mbao mbichi ya paini, vikajipinda ndani ya wiki mnara hausimami. Huu mchezo watoto wakubwa na bibi yao wanacheza meza moja, sijaona mwingine kama huo.

Kuna watu wataniuliza Legoland, zile mbuga za michezo za lego. Wapo wa Arusha wenye ndugu Dubai wanaweza. Ile ya Dubai ilifunguliwa 2016 na imelengwa watoto wa miaka 2 mpaka 12, ya kwanza kabisa ni ya Billund ya mwaka 1968, na pale pale Billund kuna LEGO House ya 2017 ambayo ni ya kujenga zaidi kuliko kubembea. Kama unaenda kwa mambo yako mengine na mtoto yupo, mpeleke. Ila hizo Legoland ni mbuga za kubembea na kupanda vitu, mtoto anakaa kwenye kiti kinamzungusha, kujenga ni sehemu ndogo. Kufunga safari kwa ajili hiyo peke yake mi nisingefanya hata ningekuwa na hela.

Kwa hiyo jibu langu kwa wifi ni hili, na mzazi mwingine aliangalie kwa watoto wake. Kama watoto wako hawajawahi kujenga chochote nyumbani, mwaka huu tamasha acha. Kusanya mbao na maboksi, wape siku tatu, kaa nao. Wakishakwama mahali, yaani kuna kitu wanakitaka na hakiwezekani na hakuna mtu mtaani anayejua, hapo kata tiketi. Mkifika msianze na bwawa, anzeni na watu wa ndani ya kamba kabla hawajachoka na maswali, asubuhi wanakuwa na nafasi. Mtoto abebe kitu chake kwenye mfuko, sio picha, kitu chenyewe, na kabla ya kuingia mlangoni mwambie muhudumu hivi ni vya kwetu ili msisumbuane wakati wa kutoka. Mwambie mtoto mapema kwamba atakachojenga ndani kitavunjwa. Muandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu ya wino, ukumbi ukijaa mtoto anapotea dakika moja. Soksi nzima. Chakula bebeni. Dukani piteni mmeshikana mikono.

Wifi nimemwambia akate tatu, yangu na ya wakubwa wawili, Jumapili saa ya kwanza. Halafu nikamwambia akate ya nne, ya yule mtoto wa trekta, mama yake ameshakubali na nauli yake ntaitoa mimi. Kitinda mimba anabaki Kiborloni na Duplo zake. Trekta tumelifunga kwenye boksi la sabuni na matambara pembeni ili mabua yasivunjike kwenye kosta, na swali lake mwenyewe kalisema jana, anataka kujua likiwa la vitofali lile jembe litashuka na nini kama hakuna kamba.